Njia ya Kabambare Isimezwe na Nyasi

Wageni wapandao jabali la Seoraksan, Korea Kusini, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, huanzia penye hekalu la Sinheungsa, kisha hufuata njia iliyofyekwa. Nasi wa Kasongo, nchini Kongo, ambao mji wetu wa kale, makao ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip, ulitekwa na askari wa afisa wa Kibelgiji Dhanis mwezi Aprili 1893, na mahame yake tukayaita Tongoni, tunayo njia yetu ya kuelekea Kabambare, alikolala mvumbuzi Livingstone mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu. Na wapagazi waliopita njia hiyo na pembe za ndovu mabegani, aghalabu hawatajwi. Basi wakuu wa teritwari za Kasongo na Kabambare waifyeke njia hiyo, na wazee waulizwe yalipo makaburi ya wapagazi hao, wangali hai.