Koleo si dawa ya saa

Mimi ni fundi saa hapa Mombasa, na ombi langu kwa wenye saa za ufunguo ni moja: kile kichwa cha kuzungusha kikigoma, msikivute kwa koleo. Kwetu pwani, jasho na hewa ya chumvi hupenya palipochakaa mpira, na kijiti chembamba kinachoingia kwenye mashine hushika kutu. Ukikilazimisha kinakatika, na kazi ya kusafisha na kutia tone la mafuta inageuka kazi ya kusaka kipuri. Mafuta ya cherehani nayo waachieni mafundi cherehani. Ndani ya saa hutambaa na kukusanya vumbi.

Kwanza ijueni saa yenyewe. Nyingi za wapiga mbizi, kichwa hufunguliwa kama skrubu kabla ya kuvutwa. Seiko 5 zenye mashine ya 7S26 hazitiwi ufunguo kabisa; hujijaza kwa mwendo wa mkono. Na saa ya ufunguo ikishajaa, kichwa hukaza: hapo ni kuacha tu.

Mtasema mafundi tunatoza sana. Basi njooni mapema, kabla ya koleo; bei huwa nyingine.