Zimamoto wapewe dawa ya moto wa makaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya moto wa makaa, jambo ambalo hapa Unguja halizungumzwi mpaka liwe limeshatokea.

Visiwa vyetu havina machimbo ya makaa ya mawe. Hayo yako Bara, Kiwira na Ngaka. Lakini makaa ya miti tunayo kila mtaa. Huteremshwa majahazini, yakapangwa polo juu ya polo, na mengine huishia vyumba vya chini vya nyumba za Mji Mkongwe, ambazo juu yake watu wamelala.

Wengi hudhani makaa hayawaki mpaka yatiwe kiberiti. Sivyo. Makaa mapya hunyonya oksijeni iliyomo hewani, na kule kunyonya kwenyewe huleta joto. Yakitandazwa, joto hupotea. Yakirundikwa, hasa yenye vumbi na chenga nyingi, joto hubaki ndani na kupanda, mpaka moyo wa lundo ukashika moto huku nje kumenyamaza. Nayo makaa yanayofuka hivyo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayoweza kumuua aliyelala ghorofani kabla hajauona moshi.

Makaa ya mawe nayo ni hivyo hivyo. Centralia, Marekani, moto wa chini ya ardhi unawaka tangu 1962.

Maji ya mpira yakimwagwa juu ya lundo hufuata njia iliyo rahisi, yakashuka sakafuni, na moyo wa moto usiguswe. Ndiyo maana wataalamu wa migodi, wa China hasa, wametengeneza dawa yenye tabia ya yai: ikiwa baridi ni majimaji, hupenya kila ufa, ikikuta joto huganda, ikaziba hewa na kuyashika maji pale pale penye moto. Mojawapo ya vitu vinavyotumika, methilselulosi, asili yake ni nyuzi za miti au pamba. Wenzetu wa Paje na Jambiani watauliza, je, mwani wetu? Jeli ya mwani huo hufanya kinyume: huganda ikipoa, huyeyuka ikipata moto. Peke yake haitufai.

Vichochoro vingi vya Mji Mkongwe gari la zimamoto halipiti, na dari zetu ni za boriti. Askari akienda kwa miguu, maji aliyoyabeba ni machache, hayafai kupotea sakafuni. Nawaomba Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, wakisaidiana na SUZA, waijaribu dawa hii juu ya mapolo machache ya makaa, nje ya mji, wananchi waone. Wapo watakaosema ni ghali, lakini sehemu kubwa ya dawa yenyewe ni maji.

Wakati tunangoja, makaa mapya yaanikwe kwanza kabla ya kutiwa poloni, na manispaa ikataze maghala ya makaa chini ya vyumba vya kulala.

Msomaji wako,
Malindi, Unguja.