Neno la Mtu Asiyeamini

Shahidi aingiapo mahakamani, jambo la kwanza atakiwalo kufanya ni kuapa. Askari polisi aliyemkamata mwizi na mama wa nyumbani aliyeona ajali barabarani, wote huapishwa kabla ya kusema neno. Mkristo hushika Biblia, Mwislamu hushika Kurani. Lakini je, mtu asiyeamini kuwako kwa Mungu aape kwa nini? Na neno lake lina uzito gani mbele ya watu wamchao Mungu?

Swali hili si geni. Lilitikisa Bunge la Uingereza tangu mwaka 1880 hata 1886, na aliyelizusha alikuwa mtu aliyepata kuvaa sare ya jeshi.

Charles Bradlaugh alizaliwa London mwaka 1833. Katika ujana wake alifundisha dini siku za Jumapili, akamwuliza kasisi wake juu ya mambo yaliyomtatiza katika mafundisho. Badala ya kujibiwa, akasimamishwa kazi hiyo. Ugomvi ukaingia nyumbani, naye akaondoka kwa baba yake akiwa bado kijana mdogo. Umaskini na madeni vikamsukuma kujiandikisha jeshini mwaka 1850, akatumikia Ireland katika kikosi cha askari wa farasi hata 1853.

Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua kuwa Mbunge. Aliomba asiape kwa jina la Mungu, bali aruhusiwe kuthibitisha ahadi yake kwa neno lake tu, kama walivyoruhusiwa Waquaker, ambao dini yao huwakataza viapo. Ombi hilo likapingwa. Aliposema kwamba basi ataapa kama wenzake, akazuiwa tena, kwa kuwa alikwisha kuandika gazetini ya kwamba maneno ya kiapo hicho hayakuwa na maana kwake. Mwezi Juni mwaka huohuo alizuiliwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge. Kiti chake kilitangazwa kuwa wazi, lakini wapiga kura wa Northampton wakamrudisha mara kwa mara.

La kustaajabisha ni nani aliyesimama kuitetea haki yake. Waziri Mkuu William Gladstone alikuwa Mkristo aliyeishika sana dini yake, wala hakukubaliana na fikira za Bradlaugh juu ya Mungu. Hata hivyo, tarehe 26 Aprili 1883 alilihutubia Bunge akiunga mkono mswada wa kuruhusu uthibitisho badala ya kiapo, akionya kwamba dini huharibiwa inapofungamanishwa na dhuluma. Mswada ulishindwa kwa kura 3 tu, 292 dhidi ya 289. Ilipofika mwaka 1886 Spika mpya alimruhusu Bradlaugh aape na kuketi, na mwaka 1888, kwa juhudi zake mwenyewe, ikapitishwa sheria iliyompa kila mtu haki ya kuthibitisha bungeni na mahakamani.

Hekima ya jambo hili yafaa kuzingatiwa na kila mcha Mungu. Kiapo hupata nguvu kutoka moyoni mwa mwenye kuapa. Kumlazimisha asiyeamini kuapa ni kumfundisha uongo, na ni kulifanya jina la Mungu kuwa kama muhuri wa kugonga karatasi.

Hata hivyo, lawama haikuwa ya upande mmoja. Maneno ya Bradlaugh juu ya kiapo yaliwachoma wengi ambao kwao kiapo kilikuwa kitu kitakatifu. Asiyeamini ana haki ya kunyamaza wakati wa sala, lakini hana haki ya kumkejeli jirani anayesali.

Bradlaugh alifariki Januari 1891. Miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake alikuwa kijana wa Kihindi aliyekuwa akisomea sheria London, Mohandas Gandhi, yuleyule ambaye sehemu ya majivu yake ilitiwa katika Mto Nile huko Jinja mwaka 1948. Gandhi alikuwa mtu wa sala. Lakini mmoja wa wenzake katika kupinga ubaguzi wa matabaka alikuwa Gora, Mhindi mwenzake aliyemkana Mungu waziwazi. Gora alipoamua kumwoza binti yake kwa kijana wa tabaka lililodharauliwa, Gandhi alikubali arusi ifanyike katika makao yake ya Sevagram, na jina la Mungu lisitajwe katika ndoa hiyo. Gandhi aliuawa Januari 1948, na wafuasi wake wakaitimiza ahadi yake mwezi Machi.

Nchini Uganda, ngao ya taifa ina maneno yasemayo, "Kwa Mungu na Nchi Yangu". Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 7, yasema kwamba nchi haitakuwa na dini ya serikali. Ibara ya 29 yalinda uhuru wa dhamiri, na viapo vya viongozi vilivyoandikwa katika Katiba hiyohiyo humwachia mtu achague kuapa kwa Mwenyezi Mungu au kuthibitisha.

Sheria, hata hivyo, haiingii jikoni wala sebuleni. Katika nyumba za kambi, ambako mlango hutazamana na mlango, ni wajibu wa baba na mama kuwafundisha watoto kumpima jirani kwa matendo yake. Na ikiwa mtoto wao mwenyewe atauliza maswali mazito juu ya dini, wamsikilize na kumjibu kwa upole; kijana aliyefukuzwa kwa swali haachi kuuliza, huenda kuuliza mahali pengine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hilo humdai aliyeapa kwa Mungu, na humdai vilevile aliyethibitisha kwa dhamiri yake.