Upepo wa Singida na Kalamu ya Mdhibiti

Yumkini yuko mwanachama atakayeuliza: Singida iko katikati ya bara, nasi tumezungukwa na bahari, ya huko yatuhusu nini? Jawabu limelala chini ya bahari hiyo hiyo. Umeme wa Unguja hupita katika nyaya zitokazo Ras Kiromoni hata Fumba, na wa Pemba hutoka Tanga tangu mwaka 2010. Aliyekuwapo Unguja mwezi Mei na Juni 2008, au tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, hana haja ya kukumbushwa giza lile, wala mabomba yaliyokauka kwa kuwa pampu zilisimama. Basi lolote liamuliwalo juu ya gridi ya bara ni letu pia.

Singida imejaaliwa upepo. Kwa zaidi ya miaka kumi kampuni zimekuja na mipango mikubwa: mmoja wa megawati 100, mwingine wa megawati 50 ambao Shirika la Maendeleo la Taifa lilikuwa na hisa ndani yake. Njia kuu ya kilovolti 400 itokayo Iringa kwa Dodoma na Singida hata Shinyanga imejengwa. Na mwaka 2024 njia nyingine, ianzayo hapo Singida kwenda Arusha na Namanga, ikaunganishwa na Kenya. Hata hivyo mwaka 2024 ulipokwisha, mkoa huo ulikuwa njia panda ya umeme wa wengine, pasipo mtambo hata mmoja wa upepo uuzao katika gridi.

Kosa si la upepo. Baada ya Sheria ya Umeme ya 2008, kanuni za EWURA zilimwekea mzalishaji mdogo, asiyezidi megawati 10, mkataba wa mfano na kanuni ya bei aijuayo kabla hajachimba msingi. Matunda yake yanaonekana Mwenga, wilaya ya Mufindi: kwanza mtambo mdogo wa maji, kisha mwaka 2020 mitambo ya upepo ya megawati 2.4, ya kwanza kwa gridi ya bara. Lakini apitaye kiwango hicho huachwa ajadiliane na mnunuzi mmoja tu, TANESCO, na ukomo wa majadiliano haujulikani. Mwenye benki hakopeshi juu ya mazungumzo.

Tazameni Kenya. Kule Turkana mitambo 365 ilikuwa tayari mwaka 2017, na njia ya kuusafirisha umeme haikufika ila Septemba 2018. Mkataba ulikuwa umekwisha kutaja nani atalipa ucheleweshaji, na serikali ikalipa, tena kwa uchungu. Singida ni kinyume chake: njia iko, mitambo haipo. Na kwa kuwa hakuna aliyeandikiwa kulipa gharama ya kukawia, kukawia hakumuumi yeyote ofisini.

Wapo wasemao kuwa bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limemaliza haja ya upepo. Tuwaulize: mvua ikikosa itakuwaje? Nchi hii imewahi kukatiwa umeme kwa mgao kwa sababu ya mabwawa kukauka, na kuuweka mzigo wote juu ya mito ni kuusahau mwaka 2006.

Liko na jambo la pili, ambalo wakubwa hulitaja siku ya Wanawake na kulisahau kesho yake: ni nani apewaye kazi katika huduma hizi? Mdhibiti hupata anachokiuliza. EWURA huzipima mamlaka za maji, ile ya mji wa Singida ikiwamo, na hutazama idadi ya watumishi kwa kila wateja 1,000; nazo mamlaka hujipanga ili zisionekane mbaya katika ripoti. Sera ya Maji ya 2002 ilipotaka wanawake wawakilishwe katika vyombo vya maji vijijini, walikaa katika kamati. Kukaa katika kamati, hata hivyo, si kushika spana. Mafundi wanawake nao wahesabiwe, na hesabu hiyo iingie katika daraja ambalo mkurugenzi hupewa mbele ya wenzake.

Hapa Unguja, chuo cha Barefoot cha Kinyasini kimewafundisha akina mama wa vijijini, wengine wasiojua kusoma, kuunganisha na kutengeneza taa za jua. Mama wa Mkalama au Iramba mwenye ujuzi kama huo, akitaka leseni ya kufunga umeme kule bara, ataulizwa vyeti vya darasani. Hatusemi leseni zifutwe. Umeme huua, na fundi wa kubahatisha ni hatari kwa nyumba nzima. Twasema afanyiwe mtihani wa mikono, apewe daraja la chini linalolingana na kazi yake, ajulikane kisheria.

Nasi tunaye mdhibiti wetu, ZURA, aliyeundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Wawakilishi wetu Barazani wanaweza kuanza naye kikao kijacho, kwa maswali mawili: ombi la kuzalisha umeme wa jua au upepo visiwani hujibiwa ndani ya siku ngapi, na mafundi wanawake wenye leseni ni wangapi, Unguja na Pemba.