Nani amegundua njia za Ololosokwan?

Haya jamani, leo nimekasirika kidogo, mtanivumilia.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mgonjwa wa baiskeli za milimani. Jumamosi asubuhi ukinitafuta mjini hunipati. Kwa hiyo ninaowasema leo ni wenzangu kabisa, watu tunaoazimana pampu na viraka vya pancha. Lakini kuna neno wanalolitumia siku hizi ambalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Neno lenyewe ni KUGUNDUA. Tumegundua njia kali Loliondo. Tumegundua mteremko Ololosokwan, pori tupu, hakuna mtu... Wanatuma ramani kwenye simu, wanatuma picha ya usukani na vilima nyuma yake, na sisi wote tunapiga makofi.

Hivi mnakumbuka tulivyoambiwa darasani kwamba Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848? Tulicheka darasa zima. Tukauliza, Wachaga waliokuwa wanapalilia migomba pale chini walikuwa wanautazama nini miaka yote hiyo, ukuta? Basi sisi tuliocheka ndio leo tunagundua.

Kwa ambao hamjafika: Ololosokwan ni kijiji cha Wamasai kaskazini kabisa mwa Wilaya ya Ngorongoro, tarafa ya Loliondo. Upande mmoja ni mpaka wa Kenya, upande mwingine ni Serengeti, na lango la Klein's liko jirani. Ukitoka Karatu ni safari ya kuchosha mgongo. Ukifika unaelewa kwa nini mtu wa baiskeli anachanganyikiwa: vilima vilivyojikunja kama shuka lisilopigwa pasi, nyasi fupi, migunga, na vijia vyembamba vinavyopita ubavuni mwa kila kilima mpaka macho yanachoka.

Sasa hivyo vijia ndivyo ninavyotaka tuviongelee. Njia haioti kama uyoga. Mtazame ng'ombe anapopanda kilima. Hapandi wima hata siku moja, anakata ubavu taratibu, anazunguka, anapanda tena. Wataalamu wa Ulaya wanalipwa fedha nyingi kuchora njia ya baiskeli yenye mwinuko wa namna hiyo hiyo, isiyomaliza miguu na isiyogeuka mto mvua ikinyesha. Kule Loliondo kazi hiyo imefanywa na kwato, vizazi na vizazi, na kila kijia kina sababu yake. Hiki kinatoka bomani kwenda majini, maana kiangazi mifugo hunyweshwa siku moja na kurukwa siku moja, na umbali unapimwa kwa nguvu ya ng'ombe aliyekonda. Kile kinakwenda kwenye udongo wa chumvi. Kingine kinakwenda ronjo, ile kambi ya muda ya kiangazi. Na kuna sehemu ambazo njia inazikwepa makusudi: ni alalili, malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Rafiki yako anayekuambia "nilikata kona kwenye nyasi nzuri sana" huenda alipita katikati ya chakula cha ndama wa watu.

Anayezitembea njia hizi kila siku ni layoni, mtoto wa miaka kumi hivi, ana fimbo, kiatu cha tairi na ng'ombe wa ukoo mzima mbele yake. Huyo ndiye mhandisi. Hana kofia ngumu wala glavu.

Na huyo mhandisi leo akivuka kigingi, ni mhalifu.

Hapa ndipo wenzangu wanaponiambia, aah, wewe unaleta siasa kwenye baiskeli. Sawa, tuitazame hiyo siasa, maana ndiyo iliyoamua nani anapita wapi. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti, wakaambiwa nyumbani kwenu sasa ni Ngorongoro na Loliondo. Loliondo ikawa Pori Tengefu, lakini chini ya sheria ya wanyamapori ya 1974 hilo halikuzuia watu kuishi wala kuchunga, vijiji na pori vilikaa juu ya ardhi ile ile. Mwaka 1992 kampuni ya uwindaji ya OBC kutoka Falme za Kiarabu ikapewa kitalu humo humo. (Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliliandika sakata hilo bila woga, akafariki mwaka 1993. Sisi wa kizazi hiki tunaojiita waandishi tungeanza kwa kumsoma yeye.) Mwaka 2009 maboma yalichomwa moto. Mwaka huo huo ikaja sheria mpya ya wanyamapori, iliyosema Pori Tengefu na ardhi ya kijiji visikae pamoja. Mwaka 2017 maboma yakachomwa tena, na kijiji cha Ololosokwan pamoja na wenzake watatu wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki.

Halafu ikaja Juni 2022. Kilomita za mraba 1,500 zikawekewa vigingi. Tarehe 10 watu walipigwa risasi, askari polisi mmoja akauawa, mamia wakavuka mpaka kwenda Kenya kutafuta usalama na matibabu. Watu zaidi ya 20 walishtakiwa kwa mauaji, mashtaka yakafutwa Novemba. Eneo likawa Pori la Akiba Pololeti. Septemba 2022 kijiji kilishindwa kesi kule Mahakama ya Afrika Mashariki, lakini Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaitengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 2023 Mahakama Kuu Arusha ilikuwa imeshasema tangazo la Juni 2022 la Pori Tengefu Pololeti ni batili, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Vigingi havikung'oka kwa hukumu hiyo. Mifugo imekamatwa, imetozwa faini, mingine imepigwa mnada.

Serikali ina hoja yake na nitaitaja: eneo lile ni vyanzo vya maji na mapito ya nyumbu, na wananchi wameachiwa kilomita 2,500 kati ya 4,000. Nyumbu nawapenda. Lakini nyumbu na ng'ombe wamekutana kwenye vilima vile muda mrefu kabla ya mimi na wewe, na nyumbu bado wapo. Tena kama kweli shida ni kwato, mbona uwindaji uliachwa miaka yote hiyo? Kuhusu hizo kilomita 2,500, muulize mfugaji yeyote: malisho ya kiangazi hayabadilishwi na malisho ya masika kama noti kwa noti. Mwaka una nusu mbili, ukimnyang'anya mtu moja hujamwachia nusu ya mifugo.

Basi mwenzangu wa baiskeli anakuja katikati ya hayo yote na kusema: baiskeli haina kelele, haina moshi, inaleta dola, tuombe kibali tupite mle ndani. Na kwa mujibu wa sheria hajakosea. Pori la akiba huingii bila kibali, na kibali kinaombwa. Mgeni anaweza kupata. Layoni hana dirisha la kuombea kibali cha ng'ombe 60 kwenda kunywa maji. Njia ile ile, vumbi lile lile: mmoja akipita ni utalii, mwingine akipita ni uvamizi. Kama hilo halikusumbui, basi hiyo kofia yako ngumu inalinda kitu kitupu.

Na tusidanganyane eti sisi hatuharibu. Bana breki ya nyuma kwenye mteremko, tairi liburuze, umechimba mfereji. Mvua ya kwanza unakuwa mtaro, ya tatu unakuwa korongo. Udongo mweusi wa kule ukilowa hupiti wewe wala baiskeli, unabaki kuisukuma huku unaacha makovu ya nusu futi.

Sisemi tusiende. Wengine wamefanya vizuri. Pale Mto wa Mbu, chini ya Karatu, mradi wa utalii wa utamaduni ulianzishwa miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV wa Uholanzi, na mpaka leo mgeni anazungushwa kwa baiskeli mashambani na vijana wa pale pale wanaojua mfereji upi ni wa nani. Nje huko, kisiwa cha Elba cha Italia kimegeuza vijia vya machimbo ya chuma ya mlima Calamita kuwa njia za baiskeli, na mwaka 2021 mashindano ya dunia ya masafa marefu yalifanyika pale Capoliveri. Tofauti naiona wazi: Elba mgodi ulikuwa umefungwa, hakuna mchimbaji aliyefukuzwa ili baiskeli ipite. Ololosokwan mgodi bado unafanya kazi, ni nyasi na maziwa.

Tena Ololosokwan wenyewe si wageni wa biashara hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kijiji kiliingia mkataba na kambi ya watalii ya Klein's, kikawa kinapokea fedha zake mkono kwa mkono, wasomi wakaandika makala kukisifu. Halmashauri ya kijiji inajua mkataba ni nini. Kinachokosekana ni sisi kwenda kukaa nao.

Kwa hiyo mimi nasema hivi kwa wenzangu. Anayetaka njia ya baiskeli Ololosokwan aanzie ofisi ya kijiji, siyo kwenye simu yake. Ombi lifike mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inautambua, na wakisema hapana, ni hapana, tunarudi Lushoto. Wakikubali, wao ndio wachague vijia gani, miezi gani, alalili zikwepwe vipi. Ada ilipwe kijijini kwa risiti. Kiongozi wa njia awe kijana wa pale, alipwe sawasawa na yule wa Arusha mwenye miwani ya jua. Ukikutana na ng'ombe unashuka kwenye baiskeli, unasogea upande wa chini wa mteremko, unawaachia njia, unamsalimia mchungaji. Kengele usipige.

Na sehemu iliyo ndani ya vigingi mimi sipiti, hata nikipewa kibali cha bure, mpaka siku layoni atakaporuhusiwa kuongoza ng'ombe wake mle. Ramani zile zinazosambazwa zifutwe, au angalau kipande hicho kikatwe. Nimeshawaandikia wawili, mmoja amefuta, mwingine kanitukana.

Aliye tayari kwenda kukaa na wazee kwanza aniambie, tupange kiangazi kijacho. Abebe viraka vya kutosha, miiba ya kule ni mirefu kama sindano za magunia.