Pande Nne Hazitoshi Kupima Shamba

Ndugu wagawanapo shamba la marehemu baba yao, katika milima ya Mpofi kama penginepo, mara nyingi hupima pande tu: mita 50, 50, 50 na 50. Kisha huambiana, “Sehemu zetu ni sawa.” Je, ni sawa kweli? Si lazima, wapenzi wasomaji.

Twaeni vijiti vinne vya urefu mmoja, mvifunge ncha kwa ncha mpate mraba. Usukumeni kidogo: umbo lainama, wala hakuna kijiti kilichopungua, lakini nafasi ya ndani imepungua. Vijiti vitatu vilivyofungwa vivyo hivyo havisukumiki. Ndiyo sababu fundi hutia mti wa mshazari katika ukuta wa miti.

Sasa tuhesabu. Mraba wenye pande za mita 50 una eneo la mita za mraba 2,500. Ulalo wake, yaani kamba iendayo kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, ni kama mita 70 na sentimita 71. Shamba jingine la pande zile zile, lenye ulalo mmoja wa mita 60 na wa pili wa mita 80, lina mita za mraba 2,400 tu: zidisha 60 kwa 80, gawa kwa 2. Zimepotea mita za mraba 100, kiwanja kizima cha nyumba, na jicho halikuona! Na likiinama zaidi, hata lalo ziwe 28 na 96, zabaki 1,344.

Basi, pimeni pande nne pamoja na ulalo mmoja. Ulalo hulikata shamba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo pande zake zikiisha kujulikana. Shamba la pande tano hukatwa pembetatu tatu. La pande sita, nne. Mlimani kamba ivutwe kama uso wa maji yaliyotulia, isifuate mteremko, kwa maana mteremko huongeza urefu.

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Mwenye haki hiyo yampasa kujua mipaka yake hasa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ziandikeni namba hizo tano mbele ya majirani, wakati ndugu wote wangali wakila chungu kimoja.