Kitenzi na Kashfa ya Wavandali

Waingereza wana kitenzi, "vandalize", wakitumiacho kwa mtu avunjaye vioo vya shule au ang'oaye viti vya bustani ya watu wote pasipo faida yoyote kwake. Mwanafunzi aulizapo asili yake, hujibiwa upesi kwamba Wavandali walikuwa taifa la washenzi walioiangamiza Roma, na jibu hilo hupokewa kama hukumu ya kadhi. Laiti wajibuo hivyo wangetazama kwanza ni nani aliyetoa ushahidi!

Wavandali, watu wa jamii ya Kijerumani, walivuka mto Rhine mwaka 406, wakapita Hispania, na mwaka 429 wakaingia Afrika ya Kaskazini pamoja na mfalme wao Geiseric. Mwaka 439 waliutwaa mji wa Carthage. Waliingia Roma mwaka 455, wakakaa siku 14. Waliyoyatenda humo hayana utetezi: walibeba dhahabu na fedha, wakabandua nusu ya paa la hekalu la Jupiter, wakamteka mjane wa mfalme na binti zake wawili, pamoja na mateka wengi ambao askofu Deogratias wa Carthage aliviuza vyombo vya kanisa ili awakomboe. Huo ni unyang'anyi, tena mkubwa. Walakini mnyang'anyi hana haja ya kukivunja akibebacho. Prosper, mwandishi wa zama hizo hizo, ameeleza kwamba Papa Leo alimsihi Geiseric asichome mji wala asiue watu, naye akakubali. Askari wa Mfalme Charles V, walioingia Roma mwaka 1527, waliua na kutesa kwa muda mrefu zaidi, na hakuna kitenzi kilichozaliwa kwa jina la Charles.

Sifa mbaya ya Wavandali imetoka wapi, basi? Victor wa Vita alikuwa mtu wa kanisa lililoteswa kweli kweli na wafalme wao. Procopius alifuatana na jemadari Belisarius, aliyeuvunja ufalme wao katika miaka ya 533 na 534. Hao ndio mashahidi wakuu, na wote wawili ni wa upande mmoja. Washairi wa Kilatini wa Carthage, waliosifu mabafu yaliyojengwa na mfalme Thrasamund, hawaitwi barazani.

Jina la Wavandali lilikwisha kuwa tusi katika Kiingereza tangu karne ya 17. Lakini aliyelipa nguvu ya kuenea duniani ni Mfaransa, askofu Henri Grégoire, aliyeunda neno "vandalisme" mwaka 1794 ili kuwalaani waliokuwa wakivunja sanamu na kuchoma vitabu wakati wa Mapinduzi. Wavunjaji hao walikuwa Wafaransa, wana wa nchi. Lawama ikatwikwa wageni waliokufa zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Na hapa pana jambo la ajabu. Grégoire alikuwa mtetezi wa watu weusi, adui wa utumwa, na mwaka 1808 alitoa kitabu cha kusifu maandishi yao. Mtu huyo huyo, katika mwaka ule ule wa 1794, alisoma mbele ya Bunge taarifa juu ya haja ya kuzifuta lugha za mikoa ya Ufaransa, ili Kifaransa kitawale peke yake. Kuvunja sanamu kulipata jina la aibu. Kuangamiza lugha kuliitwa maendeleo.

Atasema mtu kwamba maneno husahau asili zao, na kwamba hakuna Mvandali aliyebaki wa kuudhika. Kama yamesahau, mbona kila kamusi hulisimulia taifa hilo upya? Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kulibeba tusi hilo. Na aulize kwanza ni kitu gani kilichotendwa: ukuta umechafuliwa, kaburi limefukuliwa, au mnara umechomwa moto? Kiingereza huyafunika yote hayo kwa shuka moja la jina la watu. Katika kuharibu, kubomoa, kuteketeza na kuhujumu, hakuna hata kimoja kimtajacho mtu wa kabila lolote.